Kulinganisha Kamera Pacha ili Picha za 3D Zisiumize Macho

Macho ya binadamu yamezoea kugeuka ndani tunaposoma kitabu na kurudi kutazama sambamba tunapoangalia mbali, lakini hakuna kazi ya kila siku inayolitaka jicho moja litazame juu kidogo huku jingine likitazama chini. Ndiyo maana mtazamaji wa picha za 3D, ambapo kila jicho huonyeshwa picha yake, huvumilia tofauti kubwa ya mlalo kati ya picha ya kushoto na ya kulia, ilhali tofauti ndogo ya wima humletea maumivu ya macho na kichwa kabla hajatambua kasoro iko wapi. Kwa hiyo, anayefunga kamera mbili kwenye bapa moja la alumini aweke nguvu zake nyingi katika kuondoa tofauti ya wima, na mengine yatafuata.

Wapo wanaosema kwamba kompyuta itasahihisha yote baadaye. Mimi pia hutumia StereoPhoto Maker, programu ya bure inayoweza kugeuza na kusogeza picha mbili mpaka zilingane, na sioni aibu kuitumia. Hata hivyo, kila picha inapogeuzwa kingo zake hukatwa, na yapo makosa ambayo programu haiwezi kuyaondoa kabisa: kamera moja ikiwa juu kuliko mwenzake, vitu vya karibu huhama zaidi kuliko vya mbali, na hakuna msogezo mmoja utakaovirudisha vyote mahali pake. Kilicho chepesi kurekebishwa kwa bisibisi ni afadhali kirekebishwe kwa bisibisi.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kutoliamini umbo la nje la kamera. Ukizipanga mbili za aina moja na pima maji ikaonyesha kwamba zote zimelala sawasawa, bado picha zake zinaweza kutofautiana, kwa sababu kihisi cha ndani, yaani kipande kinachopokea mwanga na kuunda picha, hakikufungwa kwa usahihi uleule katika kila moja, wala lenzi hazikukaa sawa. Kipimo cha kuaminika ni picha yenyewe. Tafuta jengo la ghorofa lenye safu za madirisha, lililo mbali mita mia moja au zaidi, ulipige kwa kamera zote mbili, kisha uziweke picha hizo moja juu ya nyingine kwenye skrini, moja ikiwa nyekundu na nyingine ya samawati. Umbali huo una sababu: ukitumia ukuta wa karibu, tofauti ya kimo cha kamera itajichanganya na tofauti ya mwelekeo, nawe hutajua unatibu ugonjwa gani.

Sasa usitazame katikati peke yake. Linganisha sehemu tano, yaani katikati na pembe nne, kwa kuwa kila kosa lina alama yake. Ikiwa picha nzima ya kulia imepanda kwa kiasi kilekile kila mahali, pua ya lenzi moja imeinuka kuliko ya nyingine. Ikiwa upande mmoja umepanda na wa pili umeshuka, kamera moja imelala ubavu, na hili ndilo kosa linalodanganya wengi, kwa maana katikati ya picha halionekani kabisa: katika picha yenye upana wa pikseli 4,000, mlalo wa ubavu wa nyuzi 1 huleta tofauti ya pikseli 35 hivi kwenye kila ukingo. Ikiwa sehemu ya juu imepanda na ya chini imeshuka, picha moja ni kubwa kuliko nyingine, yaani urefu wa fokasi, ambao ndio huamua lenzi inakuza kiasi gani, haulingani. Hapo huhitaji bisibisi bali lenzi nyingine. Lenzi za zumu zinasumbua sana katika hili, na ningekushauri utumie zisizo na zumu.

Anza na ubavu, kisha pua, mwisho mwelekeo wa kushoto na kulia. Kwa kuinua upande mmoja wa kamera mimi hukata vipande vya kopo la soda, ambavyo unene wake ni karibu milimita 0.1. Udogo huo usikudanganye. Kitako cha kamera kikiwa na urefu wa milimita 40 kutoka mbele hadi nyuma, na lenzi ikiona nyuzi 60 kutoka kushoto hadi kulia, kipande kimoja kikiwekwa chini ya ukingo wa mbele kitaisogeza picha ileile ya pikseli 4,000 kwa takriban pikseli 9. Karatasi nayo ina unene unaokaribiana na huo, lakini hubonyea skrubu inapokazwa na hunywa unyevu, kwa hiyo kipimo cha leo si cha kesho. Ukishakaza, piga picha tena, kwani kukaza kwenyewe huigeuza kamera.

Katika mwelekeo wa kushoto na kulia, mimi hupendelea lenzi zitazame sambamba. Kuzielekeza ndani ili zikutane kwenye kitu kimoja hufanya umbo la mraba lionekane kama trapeza, yaani upande mmoja mrefu kuliko ule unaoelekeana nao, kila kamera kwa upande wake, na tofauti ya wima uliyoihangaikia hurudi kupitia pembe za picha.

Kuhusu nafasi kati ya lenzi, macho ya mtu mzima yameachana kwa milimita 63 hivi kwa wastani, lakini kamera nyingi ni pana kuliko hapo. Kanuni iliyozoeleka ni kwamba kitu cha karibu zaidi kiwe mbali mara 30 ya nafasi hiyo. Lenzi zikiachana kwa milimita 120, usipige kitu kilicho karibu kuliko mita 3.6. Na kama unachopiga hakisogei, huhitaji kamera mbili: telezesha moja kwenye reli iliyonyooka, na matatizo ya lenzi zisizofanana yatatoweka.

Mwisho, tia tone la rangi ya kucha kwenye kila skrubu iliyokwisha kukazwa, likishika kichwa chake na bapa. Baada ya safari ya barabara ya vumbi, tone lililopasuka litakuonyesha skrubu iliyolegea, na hapo upige tena madirisha ya ghorofa kabla ya kuanza kazi.