Ofa Mbili Mkononi? Toa Kikokotoo Kabla ya Kalamu

Msomaji wa Nairobi, mhandisi wa programu, anauliza achukue ipi: ajira ya kudumu ya shilingi 250,000 kwa mwezi, au kandarasi ya kampuni ya California inayolipa dola 2,000. Kwa dola ya shilingi 129, kandarasi ni 258,000. Wengi huishia hapo, wakasaini.

Kwenye 250,000, SHA (bima ya afya ya taifa) inachukua asilimia 2.75, yaani 6,875; ushuru wa nyumba 1.5, yaani 3,750. Kisha NSSF (akiba ya uzeeni) na PAYE (kodi ya mapato inayokatwa na mwajiri). Mkononi hubaki kama 170,000. Dola zinaingia nzima, lakini KRA, watoza kodi, hawajakusahau: kodi unaipeleka mwenyewe kwa awamu, tarehe 20 ya Aprili, Juni, Septemba na Desemba. Tenga karibu theluthi kila malipo yanapoingia, la sivyo Aprili itakukuta umeshazila.

Likizo ndiyo huwaponyoka watu. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mwajiriwa siku 21 za kazi kwa mwaka, kwa malipo kamili. Mwenye kandarasi hana hizo mpaka ziandikwe. Siku 21 ni karibu mwezi mzima, kwa hiyo zidisha 258,000 kwa 11, gawanya kwa 12: unapata 236,500. Ofa "kubwa" imeshakuwa ndogo, na bado hujaugua wala kununua laptop. Kuifikia tu ile 250,000 kunahitaji kama dola 2,115. Mazungumzo yaanzie 2,500, bila aibu.

Ukiongezewa opsheni za hisa, yaani haki ya kununua hisa za kampuni baadaye kwa bei iliyopangwa sasa, usishangilie namba. Opsheni 10,000 kati ya hisa milioni 10 ni asilimia 0.1; jumla isipotajwa, hujaambiwa kitu. Uliza pia bei ya kuzinunulia na siku unazopewa kuzinunua ukiacha kazi, aghalabu 90. Kwa kawaida huzipati zote mara moja bali kidogo kidogo kwa miaka minne, na anayeondoka kabla ya mwaka wa kwanza kutimia hapati hata moja.

Halafu saa. Kikao cha saa tatu asubuhi California ni saa mbili usiku Nairobi, au saa moja wakati wao wa kiangazi. Na seva ikianguka saa nane usiku, nani anaamka, na analipwa? Jibu liwe kwenye mkataba. Barua ya kujiuzulu isitoke kabla pande zote mbili hazijasaini, tarehe ya kuanza ikiwemo. "Karibu sana, tunakusubiri" ya WhatsApp haihesabiki.