Ndugu mkufunzi wa jimu Kampala, usilipe kwanza

Umeuliza kama kozi ya wiki sita mtandaoni inatosha kukufanya mkufunzi wa watu walioumia uti wa mgongo, kwa sababu kijana wa boda aliyepooza miguu amekuomba umsaidie. Moyo huo ninauheshimu sana. Lakini kozi peke yake haitoshi.

Tafuta kwanza mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo) mwenye leseni, umwombe ukae pembeni yake miezi kadhaa. Hospitali ya CoRSU pale Kisubi inashughulika na kuwarudishia watu uwezo wa viungo vyao, kaulize huko. Ukitaka taaluma kamili, Chuo Kikuu cha Mbarara kina shahada ya fiziotherapia.

Nikueleze kwa nini ninasisitiza. Mtu aliyeumia uti wa mgongo kwenye pingili ya sita ya sehemu ya kifua au juu yake anaweza kupandwa na presha ghafla katikati ya zoezi: kichwa kinamgonga, uso unaiva, jasho linamtoka. Usimlaze! Mkalishe wima, mlegeze nguo, tazama kama mpira wa mkojo umejikunja. Isiposhuka upesi, hospitali mara moja. Jambo hili huua, na mara nyingi chanzo chake ni kibofu kilichojaa tu.

Na ngozi, jamani. Hasikii maumivu, kwa hiyo mshono wa suruali unaweza kumchimba kidonda bila yeye kujua. Mkague matako na visigino kila baada ya mazoezi, kwa idhini yake.

Kijana huyo mwambie aje na barua ya daktari wake. Usimwahidi kutembea.