Kuimbia Hadithi ya Mwingine: Ushauri kwa Waimbaji Chipukizi kutokana na Safari ya LiSA

Kila ninapopokea kundi jipya la wanafunzi wa uimbaji, huwa nasikia hofu ileile: kwamba mwimbaji anayekubali kuimba wimbo wa kipindi cha televisheni au wa filamu ameikodisha sauti yake, na kwamba mashabiki watamkumbuka mhusika wa hadithi na kumsahau yeye. Naiheshimu hofu hiyo kwa sababu inatokana na kuipenda kazi. Hata hivyo, naamini kwa dhati kwamba haina msingi, na mfano ninaoutegemea zaidi ni wa LiSA, mwimbaji wa Japani wa muziki wa pop na rock ambaye karibu kila hatua kubwa ya safari yake ilipitia katika anime, yaani filamu na vipindi vya katuni vya Kijapani, na ambaye sauti yake ni vigumu kuifananisha na ya mtu mwingine.

LiSA, ambaye jina lake halisi ni Risa Oribe, alizaliwa mwaka 1987 katika mji wa Seki, mkoani Gifu. Aliimba katika bendi ya huko kwao kabla ya kuhamia Tokyo kutafuta riziki ya muziki, na mlango uliomfungukia mwaka 2010 ulikuwa mwembamba sana. Katika anime iitwayo Angel Beats! kulikuwa na bendi ya kubuni ya wasichana, Girls Dead Monster, naye akapewa kazi ya kumwimbia mhusika aitwaye Yui. Mazungumzo ya Yui yalisemwa na mwigizaji mwingine, Eri Kitamura; LiSA aliingia pale tu Yui anapoimba. Hebu tafakarini ugumu wa kazi hiyo: mtazamaji ametoka sasa hivi kumsikia msichana akiongea kwa sauti moja, na ghafla anapoanza kuimba anapaswa kuamini kwamba ni koo lilelile, huku wimbo wenyewe ukidai nguvu kamili ya rock. Kazi ya namna hiyo humfundisha mwimbaji kusikiliza kabla ya kufungua mdomo, na ndiyo maana nawasihi msiidharau nafasi ambayo sura yenu haitaonekana. Mwaka uliofuata alitoa albamu ndogo kwa jina lake mwenyewe, na kabla mwaka huo haujaisha alikuwa ameimba "oath sign", wimbo wa ufunguzi wa anime ya Fate/Zero. Mwaka 2012 ukafuata "crossing field" wa anime ya Sword Art Online.

Jambo la kiufundi ambalo chipukizi wengi hawalitambui ni kwamba wimbo wa ufunguzi wa anime ya televisheni hupewa takribani dakika moja na nusu tu. Ndani ya muda huo lazima kuwe na utangulizi, ubeti, daraja la kupandia (sehemu fupi inayoelekea kwenye kiitikio) na kiitikio kizima, na mwisho unaoonekana kuwa mwisho kweli, kwa sababu baada ya hapo picha inakatika na hadithi inaanza. Wimbo kamili utakuja baadaye, ukiwa na ubeti wa pili na sehemu ya katikati ambayo watazamaji wa televisheni hawajawahi kuisikia. Chukueni "Gurenge" ya mwaka 2019, wimbo wa ufunguzi wa anime ya Demon Slayer, mkausikilize mkiwa na saa mkononi. Unaanza na sauti ya LiSA ikiwa imezuiliwa, karibu peke yake, kama mtu anayejisemea nadhiri. Kisha magitaa na ngoma vinaingia kwa kishindo, na tangu hapo wimbo haupumziki. Melodi ilitungwa na Kayoko Kusano, lakini maneno aliyaandika LiSA mwenyewe. Aliandika juu ya mtu anayepata sababu ya kuwa na nguvu, jambo ambalo linamhusu kijana wa kwenye hadithi aliyepoteza familia yake na anayepigania kumwokoa dada yake, na wakati huohuo linamhusu msikilizaji ambaye hajawahi kuitazama hadithi hiyo. Hakuitaja hadithi kwa majina wala matukio. Aliutafuta moyo wa hadithi akauimba huo. Ninapowapa wanafunzi zoezi la kuandika wimbo wa hadithi, wengi huanza kwa kusimulia upya matukio, na hapo ndipo wimbo unapogeuka kuwa tangazo.

Mwaka 2020 ilikuja filamu ya mwendelezo wa hadithi hiyohiyo, Mugen Train, na LiSA akaimba "Homura", akiandika maneno pamoja na Yuki Kajiura, ambaye ndiye aliyetunga melodi. Kwa maoni yangu hii ni kazi ngumu kuliko "Gurenge", ingawa inasikika kuwa ya utulivu. Wimbo wa ufunguzi una jukumu la kumwamsha mtazamaji, ilhali huu ulipaswa kusikika filamu inapomalizika, kwa watu waliokaa gizani wakiwa wametoka kushuhudia msiba. Mwimbaji akipaza sauti mapema anawaudhi wafiwa, na akinong'ona hadi mwisho anawaacha bila faraja. LiSA anaanza chini kabisa, anaacha pumzi isikike, na nguvu aliyoizoea anaiachilia hatua kwa hatua hadi sauti inapofunguka yote. Filamu ilivunja rekodi ya mapato ya sinema nchini Japani, na mwishoni mwa mwaka huo wimbo ukapata Tuzo Kuu ya Japan Record Awards. Tuzo hiyo inawapa heshima watunzi na waimbaji wa nchi nzima bila kujali kama wimbo umetoka kwenye anime au la, na kwangu hilo lina uzito kuliko mauzo.

Kuhusu jukwaa nitasema machache lakini ni ya lazima. Mnamo Januari 2014 LiSA alifanya onyesho lake la kwanza la peke yake katika ukumbi wa Nippon Budokan, ndoto ya mwanamuziki yeyote wa huko, na sauti yake siku hiyo haikuwa katika hali nzuri. Januari 2015 alirudi katika ukumbi uleule na kuimba siku mbili mfululizo. Nyimbo za anime hurekodiwa studio, mstari kwa mstari ikibidi, na mara nyingi huwekwa juu sana na kwa kasi kubwa ili zishike sikio haraka. Lakini shabiki aliyeletwa na hadithi atataka kuzisikia nyingi kwa mfululizo, usiku mmoja, kutoka kooni mwako. Kwa hiyo kabla ya kukubali melodi studio, iimbeni yote mkiwa mmesimama, mara tatu bila kupumzika, na mkishindwa ombeni ufunguo wa wimbo ushushwe, yaani uimbwe kwa sauti za chini zaidi. Mtunzi mwenye busara hatachukia.

Mwisho ni suala la mkataba, ambalo wanafunzi wangu huliona la kuchosha. Anime nyingi za Japani hugharimiwa na kamati ya uzalishaji, ambamo kampuni kadhaa huchangia fedha na kugawana haki, na mara nyingi mojawapo ni kampuni ya muziki. Rekodi za mwanzo za LiSA zilitolewa na Aniplex, kampuni iliyo chini ya Sony Music ya Japani ambayo pia ni mzalishaji mkubwa wa anime, ikiwemo Demon Slayer. Kipaji chake ni chake, ila nafasi zile zilikuwa na njia ya kupitia. Mnapoitwa kuimba, ulizeni waziwazi ni nani analipia kipindi, nani atamiliki rekodi ya toleo fupi na ya toleo kamili, na kama mtaruhusiwa kuuimba wimbo huo katika maonyesho yenu baada ya kipindi kuondolewa hewani. Majibu ya maswali hayo yaandikwe kabla ya siku ya kwanza ya kurekodi.