Galaksi ya M51: uzuri au ujanja wa kamera?

Mhariri, wiki hii mmeuliza ni kitu gani kizuri kuliko vyote angani. Wengi watataja galaksi zenye mikono iliyojizungusha, zile za kwenye kalenda, bluu na waridi. Mimi nauliza kwanza: uzuri huo upo, au ni kazi ya kamera?

Maana mkono wa galaksi si kundi la nyota zile zile zinazozunguka pamoja. Ungekuwa hivyo, ungejiviringa ukabana baada ya mizunguko michache, kwa kuwa nyota za ndani humaliza duru mapema kuliko za nje. Mwaka 1964 wanasayansi C. C. Lin na Frank Shu walieleza kuwa mkono ni wimbi la msongamano. Fikiria foleni kwenye mizani ya Vigwaza: malori huingia na kutoka, foleni ipo pale pale. Gesi ikibanwa humo huzaliwa nyota kubwa za bluu, nazo hufa katika miaka milioni kadhaa, kabla hazijafika mbali. Kwa hiyo mkono hung'aa kupita uzito wake. Ujanja mtupu, ningesema.

Lakini kuna habari ya mtazama nyota Lord Rosse, kule Birr, Ayalandi. Kioo cha darubini yake kilikuwa cha shaba nyekundu na bati, upana mita 1.83, uzito takriban tani tatu. Chini ya kalibu alipanga mikanda ya chuma iliyosimamishwa kwa ukingo, hewa ipate pa kutokea, vitundu visibaki. Kisha kioo kikaachwa kipoe tanurini wiki 16, maana kikipoa haraka hupasuka. Unyevu nao ulikifubaza, ndiyo maana vilikuwepo viwili: kimoja kazini, kingine kinasuguliwa. Bomba lenyewe lilibanwa kati ya kuta mbili za mawe, hivyo hakupata muda mrefu wa kufuata nyota. Aprili 1845 akaielekeza M51, akaiona imejizungusha, akaichora kwa mkono. Miezi michache baadaye viazi vikaoza, njaa ikaingia, darubini ikawekwa kando.

Hakuna kamera hapo. Basi kura yangu naipa M51, kwa shingo upande. Kwa Dodoma, mwezi wa Mei saa nne usiku, haipandi kupita digrii 37 juu ya upeo wa macho, upande wa kaskazini. Darubini yenye kioo cha upana wa sentimita 20 itakupa mabaka mawili ya ukungu. Mikono huanza kujitokeza kwenye sentimita 30, mbali na taa za mji, mbalamwezi isiwepo. Saa hiyo hiyo M83, galaksi nyingine yenye mikono, iko digrii 66 juu upande wa kusini, kwenye hewa safi zaidi. Mwenye darubini ndogo aanze na hiyo.