Udi usilale ndani ya mfuko: kwa nyinyi mnaoanza

Anayeanza kujifunza udi, ile ala ya nyuzi, hapa Mombasa, mwezi wa kwanza hana taabu. Chombo ni kipya, mkono una hamu, na jirani akikutana naye ngazini anamuuliza atapigiwa lini. Taabu huja mwezi wa tatu au wa nne, hamu ikishapoa na nyimbo alizozitamani zikiwa bado mbali. Leo udi haufunguliwi kwa sababu ya mvua, kesho kwa sababu ya kazi, na wiki ikipita mtu anaona haya hata kuugusa. Nimewaona wengi wakiishia hapo, na karibu wote walijiita wavivu. Sikubaliani nao. Waliokwama nao ni vitu vidogo ambavyo vinatengenezeka.

Kubwa kuliko yote ni kutyuni, yaani kuziweka sawa sauti za nyuzi. Udi wa nyuzi 11 una jozi 5 na uzi mmoja mnene wa besi, na kila jozi lazima ilie sauti moja, la sivyo hata ukipiga vizuri utajisikia unapiga vibaya. Mpangilio tunaoutumia sana, kutoka besi kwenda juu, ni do, fa, la, re, sol, do. Mgeni akiketi na nusu saa yake, zaidi ya nusu inaishia kukaza na kulegeza. Sasa atapiga lini? Na kesho akikumbuka shughuli hiyo, mkono unakuwa mzito kabla haujaanza.

Hewa yetu nayo haimwonei mtu huruma. Mbao hunywa unyevu, na masika vigingi vya kukazia nyuzi vinavimba na kukwama. Hewa ikikauka kidogo vinaanza kuteleza, ukilala nyuzi ziko sawa, ukiamka zimelegea. Kigingi kinachokwama, kitoe, ukipake sabuni kavu kidogo pale kinapogusa tundu. Kinachoteleza kipake chaki, ile ile ya ubaoni. Unapokizungusha, kisukume kidogo kwa ndani huku unakaza, lakini usitumie nguvu za mabega, maana ukipasua kile kichwa, fundi wa udi hapatikani kila mtaa. Usiuweke kwenye dirisha linalotazama bahari, wala usiuache ndani ya gari juani eti unaingia dukani mara moja. Nyuzi nene zimezungushiwa waya, na jasho pamoja na chumvi huzifanya nyeusi na kuziua sauti, kwa hivyo kila ukimaliza zipanguse kwa kitambaa kikavu.

Mashine ya kutyuni, au programu ya simu, itumie. Wapo watakaokwambia sikio litalemaa. Halilemai. Ukishaweka sawa kwa mashine, piga nyuzi mbili za jozi moja kwa pamoja na usikilize zinavyotulia, kisha legeza moja kidogo uone zinavyogombana. Dakika moja ya mchezo huo kila siku inafunza sikio kuliko kuhangaika nusu saa bila kujua unakwenda wapi. Na kama nyumbani hakuna watoto wadogo, utundike udi ukutani sebuleni. Uliofungwa mfukoni chini ya kitanda unahitaji uamuzi, na jioni baada ya kazi maamuzi huwa yamekwisha.

La pili: wengi wanakaa chini bila kujua watapiga nini. Wanapiga ule wimbo wanaoujua, wanafika pale pagumu, wanaboronga, wanarudi mwanzo. Ukifanya hivyo mwezi mzima, utaujua mwanzo barabara na pale pagumu patabaki pale pale. Kabla ya kuuweka udi chini, amua kesho utaanzia wapi, uandike kwenye kikaratasi. Usiandike "mazoezi". Andika, kwa mfano, "sauti nne za Rast, polepole". Rast ni makamu, yaani mpangilio wa sauti katika muziki wa Kiarabu.

Hizo sauti nne zina kazi ya wiki kadhaa. Anza do, nenda re, kisha ile ya tatu, kisha fa. Udi hauna vizuizi shingoni kama gitaa, kwa hivyo kidole kinatafuta mahali pake chenyewe, na ile sauti ya tatu ya Rast inakaa kati ya mi na mi bemoli, yaani mi iliyoshushwa nusu sauti. Aliyelelewa na gitaa au kinanda atataka kuipandisha. Kidole kikisogea milimita chache tu, Rast imekwisha, unasikia kitu kingine kabisa. Piga re, ipige ya tatu, isikilize mpaka ife, rudi re. Usiharakishe kwenda fa. Siku sauti hiyo itakapokaa mahali pake bila wewe kuitafuta, utajua mwenyewe, na hamu ya kushika udi kesho yake hutahitaji kuitafuta kwa mtu.

Mkono wa risha, yaani ule unaoshika kipande cha kupigia nyuzi, una somo lake. Piga nyuzi wazi, bila kidole chochote cha kushoto, chini na juu, mpaka kipigo cha juu kiwe na uzito karibu sawa na cha chini. Kiwiko kitulie, kinachocheza ni kiganja. Zoezi hili linachosha, sikatai, lakini ndilo la kufanya siku mbaya, siku ambayo umevuka feri umesimama na kichwa kinauma. Tyuni, nyuzi wazi dakika 5, utundike. Siku hiyo imehesabiwa.

Kuhusu muda, dakika 15 kila siku nazipenda kuliko saa tatu za Jumapili. Ncha za vidole hulainika upesi, na sikio nalo husahau. Katika Mji wa Kale, ambako ukuta wangu ni ukuta wako, wengi hupata nafasi kati ya alasiri na magharibi. Adhana ikianza, nyamaza. Ncha za vidole zikiuma mwanzoni, vumilia. Kifundo cha mkono kikiuma, acha siku hiyo, na utazame unavyoukumbatia udi kabla ya kuendelea.

Ramadhani ina mambo yake. Nyumba nyingi hapa pwani huweka ala kando mwezi mzima, na sioni haja ya kushindana na hilo. Legeza nyuzi kidogo, ufunike udi vizuri. Tatizo ni baada ya Idi. Mtu anarudi na kuanza pale alipoachia, vidole vinakataa, anadhani amepoteza kila kitu. Wiki ya kwanza rudia nyuzi wazi na sauti nne, basi. Nyimbo zitarudi zenyewe.

Kusikiliza nako ni mazoezi, ila sikiliza kitu kimoja kwa wakati. Marehemu Zein l'Abdin, mpiga udi na mwimbaji wa taarab, mzaliwa wa Lamu aliyeishi Mombasa na kufariki mwaka 2016, ni mahali pazuri pa kuanzia. Chukua kipande kifupi, fuata risha yake peke yake, uiache sauti ya kuimba. Usijilinganishe naye, jilinganishe na wewe wa mwezi uliopita. Jirekodi kwa simu mara moja kwa wiki na usisikilize usiku ule ule, kwani usiku ule utasikia makosa tu.

Mwisho, usingoje kuiva ndipo ukae na wenzio. Mtafute mpiga dumbaki, ile ngoma ndogo ya mkono, hata mwanafunzi kama wewe, mkutane siku maalumu. Peke yako unaweza kusimama kila ukikosea, lakini dumbaki haikungoji, na siku ukijua kuna mtu anakuja Alhamisi, Jumatano utaushika udi bila kuambiwa. Ukialikwa kukaa nyuma ya kikundi kwenye harusi, kubali hata kama unajua sauti mbili za wimbo. Piga hizo mbili zinapofika, kwingine shikilia mdundo kwa mguu. Omba tu uketishwe karibu na dumbaki, mbali na kipaza sauti.