Mvue sweta kwanza, kisha hesabu pumzi

Mama mmoja wa Bahi ameuliza atajuaje kama kikohozi cha mwanawe ni mafua tu au nimonia. Kwa kukisikiliza kikohozi hatajua. Atazame kifua.

Subiri mtoto atulie au alale, maana anayelia au anayenyonya huhema haraka hata akiwa mzima. Pandisha nguo mpaka kifua na tumbo vionekane. Baridi hii ya Julai na upepo wa Dodoma, watoto wanavikwa masweta mawili na kanga juu. Nani ataziona mbavu? Washa saa ya simu, uhesabu dakika 1 kamili. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa 4: pumzi za kichanga hukimbia, zikasita, zikakimbia tena. Tumbo kupanda na kushuka ni pumzi moja.

Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Rudia kuhesabu, zikibaki hapo, nenda hospitali. Miezi 2 hadi 11 ni 50, na kuanzia mwaka 1 mpaka kabla ya miaka 5 ni 40: zahanati siku hiyohiyo. Homa nayo huongeza kasi, ila hilo aliamue mhudumu.

Kisha tazama mbavu zinapoishia. Mtoto mzima akivuta hewa, kifua hupanda pamoja na tumbo. Mapafu yakiwa magumu kujaa, anavuta kwa nguvu hadi sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani. Akiguna kila anapotoa pumzi, akikoroma akiwa macho na ametulia, ulimi ukiwa wa bluu, akishindwa kunyonya, akilegea au akipata degedege, msingoje kuche. Na pumzi zikipungua huku bado amelegea, usishangilie: amechoka.

Wapo watakaosema ni kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni. Kukikata hakugusi mapafu. Kunaleta kidonda na kutokwa damu, na siku ya matibabu imepotea kwa fundi.

Kikohozi kikianza ghafla bila homa, mtoto akitafuna karanga, mwambie daktari hivyo hivyo, hata kama amenyamaza. Punje huweza kushuka ikakwama kwenye njia ya hewa ya pafu moja, akacheza vizuri siku kadhaa kabla homa haijaanza.