Ubao wa matokeo wa kikapu: anzia mezani

Wanaotaka kuunda ubao wa matokeo wa mpira wa kikapu huniuliza kwanza wanunue bodi gani. Arduino Uno, kompyuta ndogo ya bodi moja unayoipangia programu, inatosha, hata nakala yake ya kampuni nyingine. Mimi namfikiria zaidi kijana wa meza ya matokeo atakayebonyeza vitufe huku mashabiki wanampigia kelele masikioni. Refa ameonyesha pointi tatu, kijana ameweka tatu, kisha refa anasema mguu ulikanyaga mstari: ni mbili. Kwa hiyo kila timu ipate kitufe cha kuongeza na cha kupunguza, chenye rangi nyingine. Vitufe vya +2 na +3 sivipendi. Bonyeza mara tatu, basi.

Vyuma vya kitufe vikigusana hurukaruka kwa milisekunde chache kabla ya kutulia, na Uno, kwa megahezi 16, huhesabu kila mruko. Unabonyeza mara moja, timu inapata nne. Programu ipuuze mabadiliko yote ndani ya milisekunde 30 hivi baada ya mguso wa kwanza. Na usitumie delay(), amri ya kusimama na kusubiri: ikiwa inasubiri, Uno haisomi vitufe. Tumia millis(), inayokuambia milisekunde zilizopita tangu Uno iwashwe.

Kwenye taa ndiko wengi wanakounguza bodi. Tarakimu kubwa unazitengeneza kwa utepe wa LED wa volti 12, ule wa mapambo ya dari. Kipande cha taa tatu kinakula kama miliampia 20, hivyo mstari mmoja wa tarakimu wenye vipande vinne ni miliampia 80. Pini ya Uno inatoa volti 5 na si vizuri kuibebesha zaidi ya miliampia 20. Katikati weka chipu ya TPIC6B595, inayowasha na kuzima taa kwa amri ya Uno, moja kwa kila tarakimu: ina njia nane, kila njia inahimili miliampia 150, na chipu zote unaziunga mkia kwa mkia kwa nyaya tatu tu kutoka Uno. Waya hasi wa betri ya taa na wa Uno lazima ziungwe pamoja.

Ule mtindo wa kuwasha tarakimu kwa zamu uache. Chumbani jicho linadanganyika kwamba zote zinawaka, lakini kwenye jua la saa tisa, tarakimu nne zikipokezana, kila moja inawaka robo tu ya muda na jukwaani hakuna anayeisoma.

Saa nayo. Robo moja kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ni dakika 10, na resoneta ya Uno, kijisehemu kinachoipimia muda, inaweza kukosea hadi asilimia 0.5, yaani sekunde 3. Mechi huamuliwa ndani ya sekunde hizo. Funga DS3231, chipu ya saa iliyo sahihi zaidi, iseti itoe mapigo 1,024 kwa sekunde badala ya moja, maana refa hapulizi kipenga sekunde inapotimia.

Umeme ukikatika, matokeo yasipotee: yaandike kwenye EEPROM, kumbukumbu ya Uno isiyofutika umeme ukikatika, kila yanapobadilika. Muda uandike pale tu saa inaposimamishwa. Sehemu moja ya EEPROM imedhaminiwa kuandikwa mara 100,000. Ukiiandika kila sekunde, unazimaliza kwa saa 28 hivi.